Kikao cha Madumu

Tumetandaza ramani juu ya meza ya chakula.
Pembe moja inashikwa na bakuli la kisamvu,
ya pili na miwani ya Ndeshi,
ya tatu na spana namba kumi na saba;
ya nne inajikunja kila feni ikigeuza shingo,
na ikijikunja inatuficha Engaruka.

Mwisho wa Februari, anasema Kibwana. Si baadaye.
Masika yakigusa magadi ya Natron
ule ukoko mweupe hugeuka uji,
na gari likizama pale, unampigia nani?
Huko hata mtandao hukataa kulala.

Mimi ni msoma mita za maji, Magomeni na Kigogo,
basi hesabu ya maji wamenitupia mimi:
watu watatu, siku sita, lita tano kwa kichwa: tisini.
Rejeta nayo ina kiu yake: kumi.
Ishirini za balaa.
Madumu sita. Nayaandika kwa chaki ukutani
kama deni la dukani.

Ndeshi anataka sabuni ipigiwe hesabu.
Kibwana anasema jangwani watu hawaogi, wanapeperushwa.
Ndeshi, muuguzi wa wodi ya wazazi,
miaka kumi na moja ya zamu za usiku, anajibu:
Mimi naenda kusikiliza kimya,
lakini nikisikilize nikiwa nimenawa.
Tulicheka hadi chai ikapoa.

Na huu mkonga wa nini? niliuliza kule Gerezani,
Landikruza limekalia magogo, magurudumu chini.
Tunakwenda kwenye ukame, wewe unalifungia pua ya kuogelea.
Sauti ikatoka chini ya bodi:
Vumbi nalo huzamisha, dada Siwema. Nipe bisibisi.

Hema tulilijaribu juu ya paa la zege, hapa nyumbani.
Vigingi havikuingia; tukafunga kamba kwenye matofali.
Bi Mwatatu, mpangaji wa chini, akapanda na tochi ya simu.
Mmehamishwa, au mmegombana na vyumba?
Akaelezwa. Akanyamaza kidogo, akanyoosha kidole gizani.
Sasa jangwa si lile pale? Bonde zima, na jina lake kabisa.

Jangwani.
Napita pale kila siku na kitabu cha mita kwapani
na sikuwahi kulisikia lile jina.

Usiku wa kuamkia safari mvua ikaja kabla ya tarehe yake,
bila radi, bila hodi, kama mtu mwenye ufunguo.
Alfajiri barabara ilikuwa imefungwa.
Jangwani ilijaa hadi kifuani mwa kuta,
viti vya plastiki vikielea, godoro,
friji ya soda imelala chali.
Kibwana alisimama ukingoni, funguo mkononi.
Akautazama mkonga. Akatutazama sisi.
Hakusema neno, nasi hatukumwomba ajaribu.

Bomba kubwa lilikatwa na mafuriko.
Siku ya pili mifereji yetu yote ilikohoa hewa tu,
maji yamejaa bonde na hakuna la kupikia uji.
Bi Mwatatu akaja na ndoo,
nyuma yake watoto wa chumba cha tatu, nyuma yao fundi cherehani.
Nikaburuta dumu la kwanza kutoka ukumbini.
Kazini nahesabu maji yaliyokwisha pita;
pale nilihesabu yanayobaki.
Lita tano kwa kichwa, nikasema, kwa sauti ya ofisi.
Akaisogeza ndoo mbele kidogo.
Na zile za balaa?

Ukutani nimefuta sita, nimeandika moja na nusu.
Kibwana anasema mipango si matumizi,
kipupwe kikifika tutaondoka.
Ndeshi yuko zamu, ameandika:
Wamezaliwa wanne. Sabuni usiigawe.

Ramani bado iko mezani.
Tone la kisamvu limekauka kaskazini ya Gelai,
kijani, na ukingo wake,
mahali ambapo mchoraji hakuweka kitu.
Sijalifuta.